Mfereji una wenyewe, shule je?

Huku kwetu Kibosho, Kilimanjaro, mfereji wa maji una wenyewe. Una mkuu wake, una zamu, na asiyefika siku ya kuzibua tope hutozwa faini, ambayo enzi za babu zetu ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nimeuwaza sana mfereji tangu niingie kwenye kamati ya shule ya msingi moja ya huku mlimani.

Kikao changu cha kwanza kilichukua kama dakika 20. Mwalimu mkuu alisoma mgawanyo wa ruzuku ya serikali, daftari likazunguka, tukasaini. Simlaumu, maana fedha ilikuja na mwongozo: hiki cha vifaa, hiki cha mitihani, hiki cha ukarabati. Niliuliza kama tungeanza na paa la darasa la tatu, linalovuja kila masika. Nikajibiwa kwa upole kwamba fungu la ukarabati halitoshi na mafungu mengine hayaguswi. Watoto wakaendelea kubanana upande mkavu wa chumba.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilibaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikaja shuleni: shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo shule ya watoto 400 ilipata 200,000 kwa mwezi. Fedha kidogo namna hiyo inamhitaji mtu anayeliona paa kila siku, ndiye aseme ianzie wapi.

Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini neno hili, madaraka, tumewahi kulisikia likiwa na maana nyingine. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na waliokwenda mikoani walikuwa maofisa wa serikali kuu. Ilibidi zirudishwe kwa sheria za mwaka 1982. Naona kamati zetu za shule leo zina harufu ya mpango ule: kazi imeshuka, uamuzi umebaki ulikokuwa.

Sisemi kila kitu kishushwe. Sisi Wachagga Desemba tunarudi nyumbani, na ndugu wa Dar es Salaam wakichangishana, darasa linasimama. Mtoto wa mfugaji kule Simanjiro hana mjomba wa namna hiyo. Ukisema kila kijiji kijitegemee, yeye ndiye atakayeumia, na hilo siliungi mkono hata kidogo. Fedha itoke serikali kuu, walimu wagawanywe kutoka huko huko ili wasijazane mijini. Ninachodai ni kamati iruhusiwe kuhamisha fungu, kwa muhtasari uliosainiwa na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Wapo watakaosema fedha italiwa. Inaweza. Lakini kwenye mfereji, anayeiba maji nje ya zamu yake hujulikana kabla jua halijazama, kwa sababu shamba la jirani limekauka na jirani anajua ilikuwa zamu ya nani. Shuleni mzazi hajui hata kilichoingia, atamshtaki nani?

Kikao kijacho nitaomba jambo moja kwanza: kiasi kilichopokelewa na kilichotumika kibandikwe kwenye ubao wa nje, karibu na geti, wazazi wanapopita kwenda sokoni. La paa nitalirudia.