Kituo cha Treni Kiko Wapi?

Mimi ni mtu wa maoni. Nyumbani wanajua: ukitaja albamu yoyote ya roki yenye kelele zisizoeleweka, umefungua bomba. Nitakwambia Loveless ya My Bloody Valentine, ya 1991, ndiyo albamu tamu kuliko zote, na kama unasikia ukungu mtupu basi hujaongeza sauti. Nitakwambia Kid A ya Radiohead, ya 2000, ni nzuri ila mashabiki wake wanachosha. Trout Mask Replica ya Captain Beefheart, ya 1969, ina nyimbo 28, na zote naziheshimu kama ninavyomheshimu mkwe: kwa mbali, na kwa muda mfupi. Lou Reed alitoa Metal Machine Music mwaka 1975, santuri mbili za magitaa yanayopiga mayowe yenyewe, na mfuo wake wa mwisho umefungwa duara, kwa hiyo haiishi mpaka uinuke ukanyanyue sindano. Hiyo nimeisikiliza mara moja na nusu. Ile nusu ilikuwa ya adabu tu.

Lakini ugonjwa wangu hasa ni Zaireeka. Bendi ya The Flaming Lips waliitoa mwaka 1997: nyimbo nane zilizogawanywa katika CD nne, na zote nne unazipiga kwa pamoja, kwenye mashine nne. Ngoma zinatokea huku, sauti inatokea kule. Na kwa kuwa hakuna mashine mbili zinazokwenda sawasawa kabisa, kila ukiisikiliza inatoka tofauti, na ndivyo walivyotaka wenyewe. Pitchfork, wahakiki wa muziki wa mtandaoni, waliipa sifuri. Si sifuri ya kutia chumvi, 0.0 kabisa. Nimeapa mara nyingi kwamba aliyeandika vile hakuwa na mashine nne.

Jumamosi moja mimi nilikuwa nazo. Stereo ya sebuleni, kompyuta ya zamani inayokohoa, deki ya televisheni, na redio ndogo ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kukaa nasi siku chache. Nilizipanga kwenye pembe nne za sebule, kila mtu kwenye kituo chake: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka kumi, na shemeji na redio yake pale mezani, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji, chukua sahani ya nne hiyo. Umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Moja, mbili, tatu, bonyeza!"

Jamani. Ule muziki ulitoka pande zote kama watu wanne wanaogombania mlango. Mke wangu alikunja uso, mimi nikafumba macho. Na kutoka pembe ya shemeji ikaja sauti ya mwanamke, tulivu, ikisema jambo kwa Kifaransa. Halafu kimya. Halafu tena.

Nilisisimka mwili mzima. Kifaransa changu ni cha kuokoteza, lakini niliambua kwamba anauliza kituo cha treni kiko wapi. Anauliza, ananyamaza, hajibiwi, anauliza tena polepole zaidi. Tulipofika wimbo wa tano sikuweza kujizuia. Jina la wimbo huo, ukilifasiri, ni kwamba treni inamkanyaga ngamia lakini inaangushwa na usubi.

"Mnaona?" nikapaza sauti juu ya magitaa. "Treni! Yule mama anatafuta kituo tangu mwanzo, na dunia haimjibu! Huu ndio upweke wenyewe! Halafu mtu anatoa sifuri!"

Binti yangu aliniangalia kwa huruma. Shemeji alikunywa chai, akasema taratibu, "Anasubiri umjibu wewe."

"Kabisa! Msikilizaji ndiye anayesubiriwa!"

"Hapana, shemeji. Somo la tatu. Akinyamaza, mwanafunzi anarudia."

Nikaenda pale mezani. CD ya masomo ya Kifaransa ilikuwa ndani ya redio, inazunguka kwa raha zake. Sahani yangu ya nne ilikuwa chini ya kikombe, na duara la chai katikati.

"Si nilikuuliza kama umeiweka?"

"Na niliiweka," akasema. "Uliponipa sahani na nina chai mkononi, ningeiweka wapi?"

Mke wangu aliingia chumbani kucheka, akarudi, akaingia tena.

Niliipangusa CD kwa fulana, nikaiingiza mwenyewe, tukaanza upya. Safari hii nilikaa macho kama mlinzi. Kila sauti niliihoji: hii ni ya albamu, au ni ya nyumba hii? Nyimbo saba zikapita salama. Wa nane ulipokuwa unakaribia kuisha, mbwa wakaanza kubweka. Si mmoja, kundi zima, tena kwa fujo.

"Hapana," nikasema. "Leo sidanganywi mara mbili. Hao ni wa jirani."

"Baba, wako kwenye..."

"Kaa pale pale, usiguse kitu!"

Nikachukua fagio, nikatoka na ndara mguu mmoja. Nje giza. Nikapiga ukuta, nikapiga ndoo, nikafoka, "Toka! Tokeni hapa!" Na kweli, baada ya muda kidogo, kubweka kukakatika. Nilishusha fagio nikajisikia mwanamume. Kwenye ua wa jirani mbwa wake, yule mmoja tu aliye naye, alikuwa amelaza kidevu juu ya miguu ya mbele. Akafungua jicho moja, akanitazama, akalifunga.

Dirisha likafunguliwa. Tochi usoni mwangu. "Kuna nini, jirani?"

"Nafukuza mbwa."

"Mbwa gani?"

Kabla sijajibu wakaanza tena, kundi lile lile, wazi kabisa kutoka sebuleni kwangu. Binti yangu alikuwa amerudisha wimbo nyuma. Tochi ikahama usoni pangu, ikaenda kwenye dirisha letu, ikarudi ikatua kwenye fagio.

Shemeji akatoa kichwa dirishani, kikombe bado mkononi.

"Shemeji! Maadamu jirani yuko macho, muulize kituo cha treni kiko wapi!"