Vinasaba pekee havijatosha

Siku hizi kukizuka ugonjwa usioeleweka, swali la kwanza ni vinasaba vimeonyesha nini. Mashine za kusoma DNA zimekuwa nafuu na za haraka, na zimetufungulia mengi. Lakini nikifuatilia matokeo ya utafiti wa viumbe vya baharini, naona jambo moja likijirudia: mashine inakuambia nani yupo, haikuambii anafanya nini.

Chukua viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota. Mwaka 2013, kwenye pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, walianza kuoza wangali hai. Mikono inajisokota, inachomoka na kutambaa peke yake, kisha ndani ya siku chache mnyama mzima anageuka ute. Zaidi ya spishi 20 ziliathirika. Mkubwa wao, Pycnopodia, mwenye mikono hadi 24, alipoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yake. Mwaka 2014 watafiti walipekua vinasaba vya wagonjwa, wakakuta virusi fulani, na lawama zote zikaviangukia. Baadaye virusi hivyo vikaonekana hata kwa wanyama wazima, wasio na ugonjwa. Kesi ikarudi mwanzo.

Jibu lilitoka 2025, na namna lilivyopatikana inanigusa kuliko jibu lenyewe. Watafiti walichota majimaji ya ndani ya mwili wa wagonjwa, wakayadunga kwa wazima. Wakaugua. Wakayapasha moto majimaji ya namna hiyohiyo na kuwadunga wengine; hao hawakuugua. Basi ilielekea kwamba kilichoua ni kitu hai. Hapo ndipo vinasaba vilipokuwa na kazi: kulinganisha majimaji ya wagonjwa na ya wazima kulimwibua bakteria mmoja, Vibrio pectenicida, wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, na bakteria wa kipindupindu. Na bado hawakutangaza. Walimkuza peke yake maabara, wakamdunga kwa wanyama wazima, wakafa. Huo ni utaratibu wa Robert Koch, mtafiti Mjerumani wa vijidudu, wa karne ya 19, na haujachakaa.

Upande wa kemia ya umeme hadithi ni ileile. Lars Peter Nielsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walikuwa wakichunguza tope la bahari kwa sensa nyembamba sana. Oksijeni iliishia milimita chache juu, lakini salfaidi, kemikali ya salfa ambayo ni sumu, ilikuwa ikiteketezwa zaidi ya sentimita moja chini yake, ingawa kazi hiyo inahitaji oksijeni. Wakibadilisha oksijeni ya juu, chini kunaitikia haraka kuliko kemikali zinavyoweza kusambaa topeni. Mwaka 2010 walithubutu kuandika kwamba humo mnapita mkondo wa umeme. Hakuna jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, iliyowaambia hivyo. Mwaka 2012 wakaziona nyaya zenyewe: bakteria, maelfu ya seli zilizoungana kichwa kwa mkia. Wakapitisha waya mwembamba kulikata tope kwa mlalo, na kazi ya kuteketeza salfaidi ikasimama.

Kwa binadamu tunajua mfano wa Helicobacter pylori. Bakteria huyo alikuwa ameshaonekana tumboni mwa wagonjwa, lakini madaktari wengi walikataa kwamba ndiye chanzo cha maradhi. Mwaka 1984 Barry Marshall, daktari wa Australia, alimnywa, akapata uvimbe wa ukuta wa ndani wa tumbo. Tuzo ya Nobel ikaja 2005. Simsihi mtu amuige. Kilichohitajika ni jaribio, naye alilifanya.

Ndiyo maana nakereka na wingi wa habari za bakteria wa utumbo "wanaohusishwa" na huzuni, unene, usahaulifu na kila kitu. Nyingi zinatokana na orodha za vinasaba. Je, bakteria huyo alitengwa? Alikuzwa? Mnyama mzima alipopewa, aliugua? Na wafadhili nao walipie matangi, sensa na miaka ya kusubiri, si mashine za kusoma DNA peke yake. Ugonjwa wa viti vya pweza ulichukua zaidi ya miaka 10, na majaribio ya kudunga peke yake yalikula minne.