Fremu za kijiji: nani apangishwe, na kwa kodi gani

Ukipita barabara kuu za Tanzania utaviona vijiji vyenye jengo linalofanana: ofisi ya mtendaji upande mmoja, na mbele yake safu ya fremu, yaani vyumba vya biashara, zinazotazama lami. Mwenye nyumba ni kijiji chenyewe. Wapangaji ni muuza vipuri vya pikipiki, mwenye saluni, wakala wa fedha za simu, duka la pembejeo, kijana wa steshenari. Mikataba inapokaribia kwisha, mkutano mkuu wa kijiji hugawanyika. Wapo wanaotaka kijiji kipangishe kwa bei ya soko, kwa yeyote atakayefika nayo. Wapo wanaosema jengo limesimama kwa nguvu za wanakijiji, basi kodi iwe ndogo na wenyeji watangulie.

Wote wana hoja, na hoja zenyewe ni nzito kuliko zinavyosikika katika makelele ya mkutano.

Tuanze na wanaotaka fedha. Kodi ya maendeleo, ile kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003 na wananchi walikuwa na kila sababu ya kufurahi, kwa jinsi ilivyokuwa ikikusanywa kwa kufukuzana. Lakini serikali za vijiji zilibaki na vyanzo vichache vya kwao. Nyingi hutegemea michango ya kaya, faini, ushuru mdogo wa gulio, na kile kitakachoshuka kutoka halmashauri ya wilaya. Fremu ni tofauti. Kodi yake inajulikana mapema, inaweza kupangiwa matumizi, na haimgongei mlango bibi asiye na kitu. Kijiji chenye fremu kumi zinazolipa vizuri kinaweza kumlipa mlinzi wa shule na kutengeneza pampu ya kisima bila kupitisha daftari la mchango. Kwa hiyo anayesema kodi ipande si lazima awe mchoyo. Huenda ndiye aliyechoka kuona wajane wakidaiwa mchango wa madawati.

Upande wa pili una ukweli wake. Biashara ya kijijini hufuata mavuno. Baada ya kuuza mahindi au alizeti, fedha zinaonekana. Miezi ya palizi, mwenye duka anakopesha sukari na sabuni na kusubiri. Mtu wa namna hiyo akidaiwa kodi ya miezi sita mbele, mtaji wake unaishia kwa mwenye nyumba kabla hajanunua katoni moja ya bidhaa. Tena kuna huduma ambazo kijiji kinazihitaji hata kama haziwezi kushindana kwa bei. Duka la dawa muhimu ndilo mfano mzuri. Mpango wa maduka haya ulianza Ruvuma mwaka 2003, ili watu walio mbali na famasi wapate dawa kwa muuzaji aliyefunzwa, katika jengo lenye sifa zinazotakiwa. Chumba cha udongo hakikubaliki. Kama fremu pekee zenye sakafu, dari na milango imara ni za kijiji, na zote zimekwenda kwa waliotaja bei kubwa, mgonjwa atapanda bodaboda kufuata dawa ya mtoto mji wa jirani.

Hadi hapo ningekuwa upande wa kodi nafuu. Kinachonirudisha nyuma ni namna unafuu huo unavyotekwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kijiji kina fremu kumi na kila moja inalipiwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600,000 kwa mwaka. Fremu za watu binafsi jirani zinapangishwa kwa 80,000. Aliyesaini mkataba na kijiji hana haja ya kufanya biashara yoyote: anampangisha mwingine kwa 80,000, anaweka mfukoni 50,000 kila mwezi, na juu yake anaweza kudai kilemba, yaani fedha ya kuachia chumba. Fremu zote kumi zikienda hivyo, shilingi 6,000,000 kwa mwaka zinawaendea watu wachache ambao kazi yao ni kushika funguo. Anayeuza ndani ya fremu analipa bei ya soko ile ile, kijiji hakipati, na unafuu uliopiganiwa mkutanoni haumfikii yule aliyetajwa kwa jina la kijana maskini. Mijini mizozo ya vibanda vya halmashauri vinavyopangishwa mara mbili mbili ni ya miaka mingi, na vijijini inakuja kwa njia hiyo hiyo, hasa barabara ikiwekwa lami na thamani ya mahali ikapanda ghafla.

Mbaya zaidi ni mpango wa mpangaji kujenga kwa fedha zake na kukatwa kwenye kodi. Kijiji hakina fedha za kujenga, mfanyabiashara anazo, na mpango unaonekana kama neema. Sisemi haufai kabisa, kwani fremu nyingi zisingekuwepo bila huo. Lakini piga hesabu. Kama ujenzi wa fremu moja umekubaliwa kuwa shilingi milioni 4 na kodi ni 30,000, deni litakwisha baada ya miezi 133, yaani miaka kumi na moja na ushee. Kodi ikiwa 80,000, ni miezi 50 tu. Hapa kodi ndogo haimsaidii mnyonge hata kidogo. Inarefusha muda wa mwenye mtaji kukaa kwenye mali ya umma bila kutoa senti. Na nani aliyekagua kwamba ujenzi kweli uligharimu milioni 4 na si mbili na nusu? Risiti za saruji, nondo na bati zinapaswa kusomwa mbele ya watu kabla deni halijaandikwa.

Sheria ililiona jambo la muda mapema. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Upangishaji wa ardhi ya kijiji unaozidi miaka mitano unahitaji idhini ya mkutano mkuu, na unaozidi miaka kumi unahitaji pia ushauri wa Kamishna wa Ardhi. Halmashauri yenyewe huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mkataba wa miaka kumi na moja uliosainiwa na mwenyekiti na mtendaji ofisini unawafunga viongozi wa vipindi viwili vinavyofuata kwa jambo ambalo wanakijiji hawakuulizwa. Kila nikisikia kiongozi akisema "mkataba upo, ila ni siri ya ofisi", najua kwamba hapo ndipo penye tatizo.

Wapo wanaojibu kwamba basi kijiji kiache kupangisha, kiendeshe maduka yake chenyewe. Njia hiyo tumeshaipita. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Bidhaa zikaadimika na amri ikalegezwa muda si mrefu. Kupanga bidhaa, kukopesha na kudai si kazi ya kamati.

Suala la wageni ndilo linalotuchanganya wengi. Mwenyeji kutangulia ni haki ninayoielewa, maana ndiye aliyesomba mawe na kuchanga tofali. Ila nimeona jinsi neno "mwenyeji" linavyonyooshwa: mtoto wa kiongozi anayeishi mjini anahesabiwa mwenyeji, na mwanamke aliyeolewa hapo na kuuza vitenge gulioni miaka mingi anaambiwa amekuja tu. Kama kipaumbele kipo, kiwe kwa anayeishi hapo na atakayesimama mwenyewe dukani.

Kwa maoni yangu, fremu zinazotazama barabara zipangishwe kwa bei ya soko, na wanaozitaka watangaziwe. Vyumba viwili au vitatu vitengwe kwa huduma ambazo mkutano mkuu wenyewe umezitaja, duka la dawa likiwa la kwanza, kwa kodi ndogo iliyoandikwa pamoja na sababu yake. Kulipa kwa robo mwaka kuruhusiwe, ili mtaji mdogo usimezwe. Kupangisha tena kuwe sababu ya mkataba kuvunjika siku hiyo hiyo. Vyumba vya ofisi navihesabu tofauti: afisa ugani apewe bure, chama cha ushirika kilipe baada ya msimu wa mauzo. Chama cha siasa kisipewe chumba, chama chochote kile, kwa sababu mlango huo ni wa kila mwanakijiji.

Upande wa mpangaji usisahaulike. Kenya ina sheria, Sura ya 301, inayolinda wapangaji wa maduka wasio na mkataba wa maandishi au wenye mkataba usiozidi miaka mitano: notisi ni ya miezi miwili, na kuna baraza la kusikiliza mgogoro wa kodi. Tanzania ilifuta sheria yake ya kudhibiti pango mwaka 2005. Kwa hiyo ulinzi wa mwenye saluni ni karatasi aliyosaini, na karatasi hiyo iseme kodi itapanda lini na kwa kiasi gani, nani anatengeneza paa likivuja, na luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya nani.

Na fremu zikibaki tupu kwa bei ya soko? Hilo litatokea, hasa kijiji kikijenga nyingi kuliko wanunuzi wake. Hapo kodi ishushwe mkutanoni, kwa miezi sita, kisha bei itazamwe upya mbele ya watu wale wale.