Chai ya Mwindaji

Mdomo ndio ulioniponza. Kazini kwetu Munich, kila Mjerumani akisikia mimi ni wa Machame huuliza habari za Kilimanjaro, nami kwa miaka mitatu nimekuwa nikijibu kana kwamba ile theluji ya Kibo naifagia mwenyewe kila asubuhi. Basi Januari moja wenzangu wa zamu wakapanga safari ya St. Anton, Austria, kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kwenye theluji, wakaniingiza kwenye orodha bila kuniuliza. "Theluji si ni ya kwenu?" Mtani wangu Mpare, ambaye tunafanya naye kazi, alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alijua kwamba theluji nimekua nikiiona kutoka migombani, kama mtu anavyouona mwezi.

Ndani ya basi nikazidi kuchochea kuni. Waliponionyesha kilele chao, Valluga, mita 2,811, nikawaambia hata ukibandika Valluga juu ya Valluga hufikii mita 5,895 za kwetu. Hesabu ilikuwa sahihi. Baada ya hapo sikupatia tena kitu.

Buti za skii hazikunjiki kifundoni. Unatembea kama mtu aliyefungwa hogo miguu yote miwili. Dukani wakaniambia skii zikipotea nalipa mimi, na hilo nililishika kuliko maelekezo mengine yote. Kwenye lifti ya kukupandisha mlimani kuna kitu kama nanga kinakuja nyuma yako, kinakugusa matakoni, nawe unatakiwa usimame tu kikuvute. Mimi nilipokigusa nikaona kiti, nikaketi. Kamba ikarefuka, nami nikashuka nayo taratibu mpaka chini, kwa heshima zote, foleni nzima ikinitazama. Huko Arlberg, ndiyo milima ya St. Anton, klabu ya skii ilianzishwa mwaka 1901, na vitoto vinateleza kabla ya kujua kusoma. Kimoja kilinipita kikaniomba radhi. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala njiani!

Kufika saa kumi jioni nikasikia muziki. Kwenye mteremko juu ya kijiji kuna baa, na watu hawasubiri hata kwenda kuoga: wanachomeka skii kwenye theluji nje, mamia kwa mamia, wanaingia na buti zao na kupanda juu ya meza. Nikasema leo pombe sigusi, nimeshaaibika vya kutosha. Nikasoma ubao: Jagertee. Jäger ni mwindaji, Tee ni chai. Chai ya mwindaji! Nikaagiza.

Ikaja kwenye kikombe kizito, ya moto, nyeusi, na harufu nikadhani ni viungo. Nikapuliza, nikanywa. Nyumbani mbege tunaipima kwa kata na mtu anajua anachokunywa. Nani angedhani Mwaustria atatia ramu kwenye chai na bado aiite chai? Kikombe cha tatu nilikuwa nimeacha Kijerumani naongea Kichaga. Cha nne nikawa mezani nafundisha sindimba, mimi Mchaga, na buti za skii, na Wajerumani kama ishirini wamejipanga nyuma yangu wanazungusha viuno vilivyogoma kabisa.

Giza likaingia. Wenzangu wakavaa skii, wakashuka zao. Mimi nikachomoa zangu kwenye theluji, nikazikumbatia kama mtoto mchanga, nikakaa kitako na kujiachia. Mteremko ule ukiutazama umesimama si mkali. Ukiukalia, jamani! Suruali ilipasuka kabla ya kona ya kwanza, theluji ikaingia mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza. Nikagonga wavu wa chini na kunasa humo, skii bado kifuani. Mtani akaja kunitoa, lakini alipiga picha kwanza.

"Mangi, uko hai?"

"Skii zipo?"

"Zipo."

Asubuhi tukazirudisha. Kijana wa duka akasoma namba, akazisimamisha pembeni yangu, zikanifika kifuani.

"Hizi si zako," akasema. Zangu zilikuwa zimerudishwa jana usiku na mama mmoja mfupi, aliyeshuka mlima mzima kwa miguu kwa sababu buti zake zilikataa kuingia kwenye hizo skii.

Nikakosa la kusema. Mtani akasogea kaunta akauliza, kwa kuwa zangu zimerudi tangu jana, kama hawawezi kuturudishia hela ya usiku.