Ghala limejaa, mtoto kadumaa

Juzi mchana waliingia wawili bandani kwangu hapa Mafinga, mkoani Iringa, mume na mke. Mume ni mpakia mbao, namjua kwa sura. Akaagiza ugali nyama na soda. Mkewe, mimba yake ya miezi sita hivi kwa kuitazama, akasema, "Mama, mimi nipe ugali na mboga za majani. Nusu inatosha. Na chai ya rangi." Nikapakua. Mume alipomaliza nyama akamsogezea mkewe bakuli la mchuzi uliobaki, kwa upendo kabisa, naye akachovya tonge na kushukuru.

Sikuona mtu mbaya pale mezani. Ndiyo maana lile bakuli limenikaa kichwani.

Sisi wa nyanda za juu kusini tunajisifu kwamba tunalisha nchi, na ni kweli. Mahindi yetu, viazi vya Njombe na Uyole, maharage ya Mbozi, ndizi za Tukuyu, parachichi zinazopanda meli kwenda Ulaya. Halafu unasoma utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022: watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa nchini ni asilimia 30, lakini Iringa ni 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Ukiwapanga watoto kumi wa mkoa wangu, karibu sita ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka.

Wapo wanaonijibu, "Mama, sisi huku ukoo wetu ni wafupi." Hapana. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto waliotunzwa na kulishwa vizuri Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa viwango vya ukuaji mwaka 2006. Wale watoto walikua karibu sawasawa, wa Accra kama wa Oslo. Ukoo una sehemu yake ukubwani, lakini katika miaka ile mitano ya mwanzo mtoto anakua kwa alichokipata yeye na kwa alichokipata mama yake.

Na hesabu inaanza tumboni. Zile siku 1,000 wanazozitaja kliniki ni 270 za mimba na miaka miwili baada ya kuzaliwa. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wakati binti mwenyewe bado anadhani amechelewa tu siku zake. Foliki asidi, ambayo ipo kwenye maharage na majani ya kijani, inatakiwa wakati huo iwe tayari imo mwilini mwake. Anayeanza kliniki mwezi wa tano atapewa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na avimeze kwa sababu damu anaihitaji, lakini kwa habari ya ule mfereji muda umeshapita.

Sasa turudi kwenye chai ya rangi, maana hapo nina ugomvi wangu. Chai inatuweka mjini wilaya hii, siwezi kuitukana. Ila ukiinywa pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini. Kipande cha chungwa au limao mezani kinafanya kinyume chake, kinayavuta. Chai ingesubiri hata saa moja. Mjamzito akipungukiwa damu huweza kutamani udongo, ananunua pemba, ule udongo wa kula, dukani, anatafuna, na udongo nao unazidi kuzuia chuma. Watu wanacheka wanasema ni hamu za mimba.

Kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nitasema kwa ufupi kwa sababu najua nitatukanwa. Huo mtogwa, ulanzi mpya mtamu mnaouita juisi, unaendelea kuchacha ndani ya dumu hata mkiwa mnaongea. Mjamzito asinywe, na mtoto asionjeshwe.

Lakini jambo linaloniuma hasa ni lingine. Kila ukisikia mkutano wa lishe, wanaoitwa ni akina mama. Wanakaa chini kwenye nyasi, wanaelezwa makundi ya chakula, mlo mmoja wa ziada ukiwa na mimba, miwili ukinyonyesha. Wanaitikia vizuri. Mimi niliyasikia yote hayo na ningeweza kuyafundisha. Sasa mwambie mwanamke ambaye kuku ni wake kwa kulisha na ni wa mumewe kwa kuuza aongeze yai. Trei linasubiri pikipiki ya mnunuzi. Maharage yamepimwa gunia, debe la kula nyumbani ndilo lile lenye mawe. Kipindi cha palizi anatoka alfajiri na jembe, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, anarudi jioni kupika, anapakua kwa baba, kwa wageni, kwa watoto, yeye anakomba sufuria. Huyo hajakosa elimu. Kilichopungua ni sahani, na kazi inayokula hata kile kidogo alichokipata.

Cha kushangaza, mambo haya Iringa ilishayajua. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wetu, ulianza hapa mpango mkubwa wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Watoto walipimwa uzito vijijini, na kijiji kizima kikakaa kuulizana kwa nini wa fulani hakui. Iligundulika kwamba chakula peke yake hakitoshi, kuna maradhi, na kuna nani anamtunza nani na kwa muda gani. Mawazo yaliyotokana na kazi ile UNICEF iliyabeba ikayapeleka duniani. Leo tunaletewa yaleyale kwenye vipeperushi kama mageni.

Kile kikao cha kijiji ndicho ningependa kirudi, na wanaume wakae mbele. Waulizwe wao: wiki hii mkeo alikula yai mara ngapi? Palizi alikwenda siku ngapi?

Najua ninachosema, maana kisu hiki kilinikata mwenyewe. Jina letu ni mama lishe. Nilipokuwa na mimba ya pili nilikuwa napika sahani zaidi ya hamsini kwa siku. Nyama naikata mimi, maharage nayaunga mimi. Nilikuwa nakula saa kumi jioni, chai na andazi, kwa sababu kila kipande kilichobaki niliona ni hela. Hakuna aliyeninyima. Mwanangu alizaliwa na kilo 2.3, na wanasema chini ya 2.5 ni uzito pungufu. Mpaka anafikisha miaka miwili, kila akilazwa kwenye kile kibao cha kupimia urefu, nesi alikuwa anaandika kimya na mimi naangalia ukutani.

Sasa nina binti ananisaidia kazi, na yeye ni mjamzito. Sufuria ya maharage ikiiva tu, kabla sijafungua mlango, anapakuliwa wa kwanza: ugali wa dona, maharage, dagaa au yai, majani, nusu chungwa. Naifunika sahani naiweka juu ya ndoo, anakula akishamaliza kuosha vyombo. Wiki iliyopita mteja aliiona wakati mayai yameshaisha, akanyoosha kidole. "Mama, hilo yai si lipo pale?"

"Hilo limeshaliwa," nikamwambia.

Akaitazama tena ile sahani, akanitazama mimi. Nikampakulia maharage.