Sahani ya Shilingi Tano Haimfikii Kila Mtoto wa Nairobi

Tangu mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi imekuwa ikiwapikia watoto wa shule za umma chakula cha mchana kupitia mpango wa Dishi na County, kwa ushirikiano na shirika la Food4Education. Mzazi analipa shilingi 5 kwa sahani. Anatuma kwa simu, hela inaingia kwenye bangili ya mtoto, naye mtoto akifika kwenye foleni anaigusisha kwenye mashine na kupakuliwa wali na maharagwe au ndengu. Mandazi moja kibandani ni shilingi 10, kwa hiyo mama anayefulia watu nguo Eastleigh haulizi mara mbili.

Wapo wanaosema pesa za mpango huo zingepelekwa nyumbani, mikononi mwa familia. Hoja yao ina uzito: mtoto hawi maskini peke yake. Akishiba saa saba mchana, jioni anarudi kwenye chumba ambacho mdogo wake wa miaka miwili ameshinda kwa chai ya rangi, na Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, jiko nalo linapoa. Serikali ya kitaifa ilianza kuzipa pesa familia zinazolea mayatima mwaka 2004, na leo kaya hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, iwe na mtoto mmoja au watano.

Wanaopinga pesa taslimu hukimbilia jibu moja: baba atazinywea. Jibu hilo limeshajibiwa. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi mbalimbali na hawakuona kwamba familia zikipewa pesa hununua pombe na sigara zaidi. Kasoro ya pesa zetu ni nyingine: ni kidogo, na huchelewa. Ukitoa kodi ya chumba cha mabati Mukuru, pesa ya unga itatoka wapi? Sahani angalau inamwingia mtoto mwenyewe, siku hiyohiyo. Kwa hilo naegemea upande wa jiko.

Ila jiko nalo linabagua, pengine bila kukusudia. Chakula kinafuata shule ya umma, na katika Mathare, Kibera na Mukuru watoto wengi mno husoma shule za watu binafsi zilizo katikati ya mabanda, kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa pomoni. Majirani wawili wa ukuta mmoja wa mabati, mmoja anakula, mwingine anabaki kuhadithiwa. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na haiulizi anasoma wapi.

Kwa haki, kaunti ina la kujitetea. Shule hizo zina wenyewe na hutoza karo; kodi ya wananchi ikilisha wanafunzi wao, nani atahakikisha mwenye shule haongezi karo? Nyingine hazina maji wala choo cha maana. Na pesa zina mwisho. UNICEF na Benki ya Dunia zilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto milioni 333 duniani waliishi katika ufukara, yaani mmoja kati ya kila sita. Hakuna gavana wa kuumaliza ufukara wa namna hiyo kwa sufuria.

Utetezi huo, hata hivyo, unalegea tukifika chekechea. Jedwali la Nne la Katiba liliacha shule za msingi kwa serikali ya kitaifa, na elimu ya awali likaikabidhi kaunti. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne anayesoma kwenye darasa la mabati Mukuru kwa Njenga ni mzigo wa City Hall, makao ya serikali ya kaunti, moja kwa moja, kuliko hata huyo wa darasa la sita anayelishwa sasa. Bangili ingeweza kuandikishwa kwa jina la mtoto na mtaa wake, na chakula kishushwe kanisani au kwenye ukumbi wa chifu ikiwa shule yenyewe haina pa kukipokelea. Bajeti ijayo ingeanzia hapo.