Karani Asilaumiwe kwa Seva Iliyokwama

Jumatatu iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya Ngamiani, hapa Tanga, kwa sababu mfumo wao wa stoo ulikuwa umekwama tangu asubuhi. Nilimkuta fundi akijiandaa kuzima seva na kuiwasha upya, huku karani, mama wa makamo, akifokewa mbele ya wateja kwamba amebonyeza ripoti mara nyingi mno. Nilipofungua orodha ya michakato (kazi zinazoendelea ndani ya seva) ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayoendesha mfumo huo, niliona 11 ikikokotoa ripoti ileile, na 10 kati ya hiyo haikuwa tena na mtu wa kuipokea.

"Mwanangu, nilidhani nikiifunga na yenyewe inakoma," aliniambia.

Ni nani asingedhani hivyo? PostgreSQL humpa kila anayeunganishwa mchakato wake, na mchakato huo ukiwa katikati ya hesabu hauangalii kama mwenyewe bado yupo, bali hugundua kwamba ameondoka pale unapojaribu kumpelekea majibu. Ripoti inayojumlisha kwa dakika 40 kabla ya kutoa mstari wa kwanza itaendelea kula prosesa na diski kwa dakika zote hizo, hata kama aliyeiomba alifunga dirisha zamani. Umeme ukikatika upande wa karani, mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa hakuna ishara yoyote ya kuaga inayofika, na Linux, mfumo endeshi wa seva, isipobadilishwa husubiri saa 2 za ukimya kabla ya kuanza kuulizia kama upande wa pili ungali hai.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Tangu toleo la 14 la PostgreSQL, la mwaka 2021, kuna mpangilio uitwao client_connection_check_interval, unaouamuru mchakato uchungulie kila baada ya muda kama mteja bado ameunganishwa, lakini huja ukiwa 0, yaani umezimwa. Nakubali, shingo upande, kwamba waundaji walikuwa na sababu, maana ukaguzi huo haufanyi kazi kwenye kila mfumo endeshi. Sisi tunaofunga mifumo kwenye seva za Linux, tukalipwa na kuondoka, hatuna sababu hiyo. Kuweka sekunde 10 pale, na kikomo cha statement_timeout, yaani muda wa juu wa ombi moja, kwa akaunti ya ripoti, ni kazi ya dakika chache. Nao waandishi wa programu wahakikishe kitufe cha kughairi kinatuma kweli ombi la kughairi hadi kwenye seva, badala ya kufuta tu kilichopo kwenye skrini.

Fundi alipendekeza kill -9, amri ya Linux inayoua mchakato papo hapo. Nilimzuia, kwa kuwa mchakato mmoja ukiuawa hivyo, PostgreSQL huhofia kwamba kumbukumbu ya pamoja imeharibika, hukata miunganisho yote na kujianzisha upya. Nilitumia pg_cancel_backend, amri ya PostgreSQL yenyewe inayoghairi ombi bila kuua mchakato, kwa ile 10, mmoja baada ya mwingine, nikauacha wa 11. Ripoti ilitoka kabla ya adhuhuri, karani akaichapisha na kuipeleka mezani kwa bosi wake. Hadi naondoka, hakuna aliyekuwa amemwomba radhi.